Kasha la Uzito wa Sifuri

Jumatatu, 10 Machi 1958

Mvua za masika zimeanza. Nimefika kazini baibui limelowa hadi magotini, na Bwana Ravindra, msimamizi wetu, akanitazama kana kwamba mvua nimeileta mimi. Sikumwomba radhi.

Naanza kuandika leo kwa sababu Baba ameapa kwamba katika kazi hii sitamaliza msimu. "Binti wa Humoud kwenda kufanya kazi bandarini!" anasema, na wateja wake wa kamba na magunia hapa Mtaa wa Narung'ombe wanatikisa vichwa pamoja naye. Mimi mjane, nina miaka ishirini na sita, sina mtoto, na kupiga chapa nilijifunza mwenyewe. Nataka paandikwe mahali fulani kwamba msimu niliumaliza.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni yetu inapakua mizigo ya meli. Makarani wa ghala wanaandika karatasi kwa kila kasha: namba yake, meli yake, uzito wake. Mimi na dada Urmila tunazihamishia karatasi hizo kwenye kadi ngumu kwa mashine ya kutoboa. Tarakimu ni tundu moja katika safu yake. Herufi ni matundu mawili. Pasipoandikwa kitu, safu inabaki nzima. Kisha kadi zinapita kwenye mashine kubwa, inayochapa orodha ya kazi ya kesho: kasha lipi liinuliwe kwa winchi ipi, na makuli wangapi.

Mashine kubwa haikubali kila kitu. Ikikuta herufi mahali pa uzito, au nafasi tupu, inaitema kadi kwenye kisanduku cha mwisho, taa nyekundu inawaka, kazi inasimama. Kisanduku hicho tumekiita Gerezani, maana kadi ikiingia humo haitoki mpaka ijieleze. Urmila anakichukia. Mimi nakipenda. Katika ofisi nzima hakuna mwingine anayethubutu kusema "hili silijui".

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Viatu havikauki.

Jumatatu, 17 Machi

Maji yameingia chini ya mizani kubwa ya gatini na chuma kimekwama. Sasa mahali pa uzito makarani wanaandika "halijapimwa". Wengine wanapiga mstari tu. Wengine hawaandiki chochote. Taa nyekundu imewaka tangu asubuhi, na Bwana Ravindra amezunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatano, 19 Machi

Leo ameingia na amri.

"Kuanzia sasa," akasema, "karatasi isiyo na uzito, toboeni sifuri. Safu zote tano."

Nikamwuliza, "Sifuri ya nini, bwana?"

"Ya uzito."

"Sifuri ni namba, Bwana Ravindra. Maana yake mtu amepima akakuta hakuna kitu. Haya hakuna aliyeyapima."

"Mashine inataka namba. Ipe namba."

"Mashine inauliza kama hii ni namba. Jibu ni hapana."

Urmila akanikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Ravindra akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena.

"Badriya, meli tatu ziko nje zinangoja nafasi. Mkubwa anapigiwa simu kila saa. Unataka nimwambie kwamba binti mmoja ana falsafa?"

"Mwambie aje atoboe mwenyewe."

Bwana Ravindra akachukua bunda la karatasi mezani kwangu, akaliweka mezani kwa Urmila. Urmila ni ndugu yake kwa upande wa mama, na bwana huyo ndiye aliyemwingiza kazini. Urmila akazitobolea kadi zote, sifuri juu ya sifuri, wala hakuinua uso. Taa nyekundu haikuwaka tena. Watu wakarudi kupiga soga.

Nikamdharau Urmila. Naandika hivyo maana ndivyo nilivyoona moyoni.

Jioni nimemsimulia Baba. Alikuwa anapima kamba ya katani. "Nikiuza kamba kwa kukisia, wataniita mwizi mpaka Ilala," akasema. Nikadhani yuko upande wangu. Kisha akaongeza, "Lakini mimi mwenye duka. Wewe mwajiriwa. Nyamaza."

Jumamosi, 22 Machi

Saumu ya kwanza ya Ramadhani. Kichwa kinaniuma kwa kukosa kahawa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeondolewa kwenye mashine. Sasa nafunga karatasi za zamani kwa kamba na kuzipanga kwenye makabati ya ukumbini, mbele ya kila anayepita. Wamedhani nitaona haya. Nazifunga vizuri, na anayepita namwamkia kwa sauti.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Fikirini barazani akingoja adhana. Fikirini ni mpangaji wetu, amechukua chumba cha uani. Ni mnyapara wa genge moja la makuli, mtu mpana asiye na haraka. Nimemweleza habari za sifuri.

"Sisi tunasomewa tu, binti Humoud," akasema. "Karani akisema winchi ndogo na watu sita, ndiyo winchi ndogo na watu sita."

"Mkisomewa kasha halina uzito, msiamini."

Akacheka. "Kasha gani lisilo na uzito? Hilo litakuwa la malaika." Adhana ikalia, tukafuturu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kutwa. Soko zima maji, mchuuzi wa nyanya amepandisha ubao wake juu ya matofali. Baba anauliza kila siku kama nimeomba radhi. Kila siku namjibu bado.

Jumanne, 8 Aprili

Nitaandika taratibu.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa ukumbini na karatasi zangu. Kikaja kishindo, sakafu ikatikisika, halafu makelele ya watu. Nilitoka mbio. Mtu aliniita nyuma yangu, "Badriya, rudi!" sikugeuka.

Mnyororo wa winchi ndogo ulikuwa umekatika. Kasha kubwa la mbao limeanguka ubavu, na chini yake mguu wa mtu. Fikirini na wenzake walikuwa wamepenyeza vyuma, wanahesabu kwa pamoja na kusukuma, mvua inawapiga usoni. Kasha likainuka kidogo. Wakamvuta.

Alikuwa Bushiri. Namjua, huja kwetu Jumapili kucheza bao na Fikirini na kila mara husema ameibiwa kete. Nikavua mtandio wangu, nikaufunga juu ya goti kwa nguvu zangu zote. Mimi binti wa muuza kamba, fundo nalijua. Alinishika kifundo cha mkono.

"Bibie, mguu upo?"

Watu walinitazama, wakitaka nimdanganye. Sikuweza.

"Upo, Bushiri. Lakini umeumia vibaya sana."

"Ahsante," akasema, akafumba macho.

Gari la hospitali lilipoondoka ndipo nikamwona Urmila. Alikuwa amesimama kwenye mvua bila mwavuli, sari imemgandama, anasoma namba iliyopigwa kwa rangi nyeusi ubavuni mwa kasha. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikamwendea.

"Hili nilitoboa mimi," akasema. "Jana. Nalikumbuka. Sifuri tano."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyaweka tangu Machi. Badala yake nikamshika mkono tukarudi ndani, tunachuruzika maji kwenye sakafu ya mkubwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkubwa wetu ameshuka leo kutoka ghorofani. Ni Mzungu mrefu, anasema Kiswahili cha kuamrisha. Wanyapara wameitwa, na sisi wa mashine, tukasimama ukutani. Mkononi ana orodha iliyochapwa.

"Orodha inaonyesha kasha halikuwa zito," akasema. "Winchi ilitosha. Makuli wamefunga mnyororo vibaya. Huu ni uzembe."

Fikirini akafungua mdomo. Mkubwa akainua kidole. Fikirini akaufunga, lakini mishipa ya shingo ilimtoka.

Nikatoka ukutani. Karatasi ya karani nilikuwa nimeitafuta kabatini asubuhi, hakuna aliyeificha, ilikuwa mahali pake. Nikaiweka juu ya orodha yake. "Karani aliandika halijapimwa, bwana. Sifuri tumeitia sisi hapa ofisini, kwa amri."

Nilitegemea ashtuke. Tangu asubuhi nilikuwa nimejitayarisha kwa mshtuko wake.

Akasema, "Najua."

Hivyo tu. Kisha, kama mtu anayemweleza mtoto, "Amri niliitoa mimi. Ulitaka nifanye nini? Meli zikae nje mpaka masika yaishe?"

"Ulipaswa kupima."

"Kwa mizani ipi?"

"Hata kama huna mizani, nafasi ungeiacha tupu. Mtu akiona tupu anaogopa, anachukua winchi kubwa. Wewe umempa namba, akaamini."

"Rudi mezani kwako."

"Sina meza, bwana. Nilinyang'anywa."

Mmoja wa wanyapara akakohoa kuficha kicheko. Uso wa mkubwa ukawa mwekundu. Akaniambia basi nikakae popote, nisimwone. Sikukaa. Nilisimama palepale ukumbini, mgongo ukutani, na saumu yangu, mpaka kengele ya kutoka. Alipita mbele yangu mara tatu. Bwana Ravindra naye alipita, akitazama viatu vyake.

Ijumaa, 11 Aprili

Hospitali wamemkata Bushiri mguu, chini ya goti.

Jumatatu, 14 Aprili

Jana baada ya futari Fikirini aliniuliza swali moja tu: msomaji wa orodha akificha, atajuaje kasha la sifuri? Nikamwonyesha kwa mkaa juu ya sakafu ya baraza, duara tano zimeshikana. Akazitazama, akasema amezishika.

Leo asubuhi makuli waliitwa kama kawaida. Nilikuwa dirishani, na dirisha liko wazi. Karani akasoma kasha la kwanza, lina uzito, watu wakaenda. La pili, wakaenda. La tatu akasoma haraka haraka: winchi ndogo, watu sita.

"Uzito?" akauliza Fikirini.

Karani akageuza karatasi upande. Fikirini akamsogelea, akaweka kidole chake kinene juu ya duara tano.

"Hii ni sifuri?"

"Sifuri."

"Maana yake halina uzito?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Fikirini akawageukia watu wake. "Jamani, mmesikia. Kasha halina uzito. Basi halituhitaji. Lijinyanyue lenyewe!"

Kicheko kilipanda kutoka gatini kama ndege wengi wameruka kwa pamoja. Kisha wakaketi. Genge zima, kwenye mvua, juu ya mbao na juu ya mawe. Genge la pili likauliza kuna nini, likaambiwa, likaketi. Kufika saa nne kulikuwa na makasha ya sifuri yamejipanga gati nzima na makuli wameyazunguka, wanayatazama kama watu wanaongoja mwali atoke ndani. Kila mara mmoja anaita, "Haya, inuka!" na wote wanacheka tena.

Askari wa bandari wakaja. Fikirini akawaambia kwa adabu, "Hatujagoma, bwana. Chenye uzito tunabeba. Tuleteeni chenye uzito." Askari wakasimama, wakalowa nao.

Ndani, Bwana Ravindra aliingia mbio na karatasi za kesho, akaziweka mbele ya Urmila. "Acha sifuri. Weka elfu moja kwa kila kasha. Ratili elfu moja. Itakuwa namba ya maana."

Urmila akaweka mikono mapajani.

"Elfu moja ni namba!" akasema Bwana Ravindra. "Badriya hakutaka sifuri, basi siyo sifuri!"

Urmila akamjibu kwa Kigujarati, maneno machache. Kisha akarudia kwa Kiswahili, akinitazama mimi, ili nisikie. "Nimemwambia: ni namba, ndiyo. Lakini si uzito wa kitu chochote. Sitoboi."

"Nitamwambia mama yako."

"Mwambie. Mwambie pia na habari za mguu."

Huyu ndiye niliyemdharau. Nyumba yake yote, chakula chake, sifa yake kwa jamaa, viko mkononi mwa mtu yule, na amemwambia hapana bila kupandisha sauti. Mimi napaza sauti kwa sababu nina Baba wa kunilisha.

Jumatano, 16 Aprili

Bado wameketi. Mvua haina huruma.

Saa tisa mkokoteni umesimama langoni, na juu yake maturubai mawili makubwa. Mwenye mkokoteni akasema ametumwa na Mzee Humoud wa Narung'ombe, kwa ajili ya makuli. Nikadhani nimesikia vibaya. Jioni nikamwuliza Baba.

"Ni ya kuazima," akasema, hakunitazama. "Yakitoboka watanilipa." Baada ya kufuturu akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu mama alipofariki.

Alhamisi, 17 Aprili

Mizani imekuja! Wameiazima kutoka karakana ya reli, imeletwa juu ya behewa, mafundi wa reli wameipachika gatini wakiimba. Kasha la kwanza kupimwa lilikuwa lile lile alilolikataa Fikirini siku ya kwanza. Karani akasoma mkono wa mizani, akasoma tena.

"Tani tatu na nusu."

Fikirini akageuka akapaza sauti, "Tani tatu na nusu!" na gati nzima ikaitikia, "Tani tatu na nusu!" mpaka mabaharia wakachungulia kutoka juu ya meli. Ndipo wakasimama, wakakung'uta makalio, wakataka winchi kubwa. Ikaletwa. Wakafanya kazi hadi jioni kwa nguvu ambazo sijapata kuona, na wengi wao wamefunga.

Hakuna aliyetangaza amri mpya. Bwana Ravindra alipita kwenye meza ya Urmila, akasema chini kwa chini, "Yasiyopimwa acha tupu. Yakatemwe. Yatarudi gatini yapimwe." Akaenda zake.

Jumatatu, 21 Aprili

Idi. Nimempelekea Bushiri kaimati na kuku wa nazi. Nikamsimulia kasha lililoambiwa liinuke, akacheka mpaka muuguzi akaja. Halafu akageukia ukuta, na nikakaa naye mpaka saa ya wageni ikaisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefukuzwa kazi. Ati nimetoa siri za ofisi nje.

Barua ameileta Bwana Ravindra mwenyewe, hadi nyumbani, kwa miguu, katika mvua. Angeweza kumpa tarishi. Baba akamkaribisha barazani, akakataa kuketi.

"Barua hii nimeiandika mimi," akasema. "Amesaini yeye, lakini maneno ni yangu. Nimeona bora ulijue."

"Ni siri gani niliyoitoa?"

"Hakuna."

"Mbona umeandika?"

Akavua miwani. Bila miwani ana uso wa mtu mchovu sana. "Nina watoto watano, Badriya. Mkubwa aliniambia, ama jina lako ama langu."

Msimu mzima nimemwona kama fimbo ya mkubwa. Leo nimeona mtu aliyeogopa kila asubuhi kabla hata hajavaa viatu. Nimemhurumia. Lakini sikumwambia "si neno", maana ni neno, na mguu wa Bushiri haupo. Nikamwambia, "Ahsante kwa kuja mwenyewe," nikaichukua barua. Akaondoka akikwepa madimbwi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Nampigia Baba barua za duka. Hanilipi, ananisifia kwa wateja.

Jumatano, 14 Mei

Urmila amekuja kunywa chai. Nimefurahi sana kumwona. Mashine yangu ya kutoboa imepewa mtu mwingine, akashindwa; sasa mkubwa anasema nikitaka kurudi nirudi, ila niombe radhi mbele ya wafanyakazi wote.

"Utasemaje?" akauliza Urmila.

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Nilijua. Nimekwisha mwambia hutakuja." Akachovya mkate. "Alikasirika sana. Chai yako nzuri."

Chama cha makuli kinataka mpiga chapa. Fikirini amenitaja. Mshahara ni mdogo, na chumba kinavuja. Nimesema naanza mwezi ujao.

Alhamisi, 22 Mei

Jua kutwa. Bushiri ametoka hospitali, anakaa kwa Fikirini. Magongo yanamuumiza kwapani, nimeyafunga kwa gunia laini la Baba. Anataka Jumatatu aende langoni, saa ya makuli kuitwa. Fikirini amemwambia hakuna kazi ya mguu mmoja. Akasema, "Nani kasema nataka kazi? Nataka wanione."

Jumatatu, 26 Mei

Tumekwenda. Mimi upande wake wa kulia, Urmila ametukuta njiani akashika wa kushoto, japokuwa kazini alikuwa anachelewa na alijua. Kutoka Narung'ombe mpaka bandarini ni mbali kwa mtu wa magongo. Mara nyingi tulisimama. Wenye mikokoteni walitupisha, na wanaomjua Bushiri walitoka madukani kumpa mkono.

Barabara ya kuingia langoni ni moja, nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Tulikuwa katikati yake tuliposikia gari nyuma. Nikageuka. Lilikuwa gari la mkubwa, yeye ameketi nyuma na gazeti. Dereva alipunguza mwendo, akatufuata nyuma yetu polepole. Mbele, makuli walikuwa wamejaa langoni wakingoja kuitwa. Wakatuona. Wakagawanyika pande mbili, wakavua kofia.

Dereva akapiga honi.

Urmila akanitazama. Nikamtazama Bushiri. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Tusogee pembeni?" nikamwuliza.

"Nimechoka," akasema. "Kwanza nipumzike."

Akasimama palepale katikati ya barabara, akaegemea magongo yake, akavuta pumzi. Honi ikalia tena, ndefu. Fikirini akatoka langoni, akaja akasimama nasi, mikono kifuani. Wakaja wengine. Nyuma ya kioo mkubwa alikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena.

Bushiri alipokwisha kupumzika akasema, "Haya," tukaendelea kwa mwendo wake.